Mkanda wa Mashine Kwenye Injini ya Gari

Mwezi wa saba, asubuhi za Njombe huanza na ukungu na baridi kali. Katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji, watu hawakuhitaji saa ya kuwaamsha. Walikuwa na pikapu ya Nikodemo.

Kila alfajiri Nikodemo aliiwasha, na kila alfajiri ililia. "Fiiiii!" Mluzi mwembamba ulitoka chini ya boneti, ukapanda hadi kanisani, ukashuka hadi bondeni kwenye mashamba ya viazi.

"Nikodemo kaamka," majirani walisema, wakaanza kuwasha moto.

Nikodemo na mkewe, Telesia, walilima viazi. Pikapu yao ilikuwa ya zamani, ya dizeli, lakini ilikuwa mkono wa kulia wa nyumba ile. Ilibeba viazi kwenda soko la Makambako. Ilibeba mbolea, mbao na maharusi.

"Baba Irine," Telesia alimwambia mumewe asubuhi moja, "gari hili linalia kila siku. Kwa nini hulipeleki kwa fundi?"

"Linalia baridi tu," Nikodemo alijibu. "Hata wewe ukitoka nje alfajiri unalia."

Telesia alicheka, lakini hakuridhika.

Nikodemo alikuwa na dawa yake. Dawa hiyo aliipata kwa Haruni, mwenye mashine ya kusaga mahindi. Mkanda wa mashine ya Haruni ukianza kuteleza, Haruni huchukua utomvu wa paina na kuupaka. Utomvu unanata, na mkanda unashika. Milima ya Njombe imejaa miti ya paina, kwa hiyo dawa hiyo haina gharama. Nikodemo akafanya hivyo hivyo kwenye injini. Aliupaka mkanda utomvu, mluzi ukanyamaza. Baada ya siku chache ukarudi. Akapaka tena, safari hii zaidi.

Tusimcheke sana. Mtu akiona dawa imemponya jirani, naye huionja. Lakini mashine ya kusaga na injini ya gari ni wagonjwa wawili tofauti.

Siku hizo hizo simu ikapigwa kutoka Ludewa. Alikuwa Aron, kaka yake Telesia.

"Dada, madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni huko kwenu Njombe," Aron alisema. "Wanafanya upasuaji wa mtoto wa jicho. Watakuwepo Alhamisi hii tu. Wakiondoka, hawarudi mpaka mwakani."

Mama yao, Bibi Vestina, alikuwa haoni. Ilianza kama ukungu mdogo, kisha ukungu ukawa ukuta. Sasa aliongozwa kwa mkono hata kwenda chooni. Daktari wa Ludewa alikuwa amesema wazi kwamba macho yale yanaweza kupona, ila asiendelee kuchelewa.

"Mama hawezi kupanda basi, miguu yake imevimba," Aron aliendelea. "Mtamfuata?"

"Tutamfuata," Telesia alijibu. "Jumatano tuko hapo."

Alipokata simu, machozi yalikuwa yanamtoka. Ni miaka mingi mama yake alikuwa akimtambua kwa sauti tu.

Jumatatu asubuhi Nikodemo aliwasha gari. Mluzi ulilia mara moja, kisha kukasikika "Pa!" Akafungua boneti. Mkanda ulikuwa umekatika.

Nikodemo hakutaka kumwogofya mkewe. Alikwenda kwa Haruni, akarudi na mkanda wa mashine ya kusaga. Aliupima kwa macho. Ulionekana mpana kidogo na mfupi kidogo, lakini ulikuwa mweusi, wa mpira, wa duara. Alitaka nini zaidi? Mkanda ulikataa kuingia. Akachukua mtaimbo, akausukuma kwa nguvu mpaka ukapanda juu ya puli, yale magurudumu madogo ya chuma ambayo mkanda huzunguka. Ukakaza kama ngozi ya ngoma.

"Umeona?" akamwambia Telesia, akifuta jasho. "Mashine inasaga gunia kwa gunia kwa mkanda huu. Utashindwa na gari?"

Telesia alikuwa anafunga magunia ya viazi. Aliokota ule mkanda uliokatika, akafungia gunia moja. Watu wa kijijini hawatupi kitu.

Jumanne walikwenda Makambako kuuza viazi. Telesia alitaka pia kumnunulia mama yake sweta zito, kwa sababu Njombe ina baridi kuliko Ludewa. Gari halikulia hata kidogo, na Nikodemo akawa anaimba nyimbo za kwaya.

Walipokaribia Mahongole, mitaa ya mwanzo ya Makambako, harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani.

"Baba Irine, nini hiyo?"

Kwenye dashibodi taa nyekundu ya betri ikawaka. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Mbele yao barabara ilishuka, na chini ya mteremko mwanamke alikuwa anavusha ng'ombe wake.

Nikodemo alikanyaga breki mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe. Aliikanyaga kwa miguu yote miwili, na bado gari likaenda.

"Yesu na Maria!" Telesia alipiga kelele.

Nikodemo akaingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono, akaelekeza gari kwenye ukingo wa majani. Gari likatetema, likaparuza tuta la udongo, likasimama. Mwanamke na ng'ombe wake walikuwa hatua chache tu mbele. Mvuke ulitoka chini ya boneti.

Kisha Nikodemo akashuka, akafungua boneti, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Acha hapo hapo!" sauti ikaita. "Unataka kuungua uso?"

Alikuwa mwanamke mnene kidogo, ovaroli ya bluu, kilemba cha njano kichwani. Alitoka kwenye gereji iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Hiyo gereji ilikuwa yake, na jina lake lilikuwa Rebeka.

"Maji ya rejeta sasa hivi yanachemka," alisema. "Ukifungua, yanakurukia. Kwanza zima injini, toa ufunguo, subiri lipoe. Kamwene, baba. Kamwene, mama."

"Kamwene," waliitika salamu.

"Mimi ndiye Rebeka. Gari bovu kutoka Njombe hadi hapa, kama sijalitengeneza basi nimelikataa," alijisifu bila haya. "Wewe ndiwe uliyekuwa unakuja na mluzi kila Jumanne, siyo? Nilikuwa nakusubiri. Nilisema, huyu atakuja kusimama mlangoni kwangu."

Injini ilipopoa, alichungulia ndani. Mkanda wa mashine ulikuwa umebabuka, umening'inia kando ya puli, umetoa nyuzi. Rebeka akaunyanyua kwa vidole viwili.

"Huu ni mkanda wa mashine ya kusaga."

Nikodemo akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama."

"Na huu unaonata kwenye puli?"

"Utomvu wa paina."

Rebeka alimtazama, akamtazama Telesia, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya. Kuuliza si ujinga. Lakini baba, wewe hukuuliza! Njooni muone."

Akaweka kidole kwenye puli kubwa ya chini.

"Injini inazungusha hii. Mkanda unachukua nguvu hapa. Unapanda huku, unazungusha feni na pampu ya maji. Pampu isipozunguka, maji hayatembei, injini inaungua. Kisha mkanda unakwenda huku, kwenye altaneta. Hii ndiyo inayochaji betri. Ndiyo sababu taa nyekundu iliwaka."

"Kumbe taa ya betri ilikuwa inasema habari za mkanda?" Telesia aliuliza.

"Ilikuwa inapiga kelele kabisa! Sasa oneni hapa nyuma ya altaneta." Akagusa kifaa kidogo kilichobandikwa nyuma, chenye bomba la mpira. "Hii ni pampu inayonyonya hewa. Ndiyo inayofanya pedali ya breki iwe nyepesi. Kwenye gari la dizeli kama hili, mkanda ukikatika, pampu inasimama. Unabaki na breki mara moja au mbili. Baada ya hapo unakanyaga jiwe."

Nikodemo akashika ukingo wa gari. Aliutazama ule mkanda kana kwamba hajawahi kuuona. Kipande cha mpira, chembamba kuliko kiganja chake. Maji, umeme, upepo na breki, vyote vilikuwa vinakitegemea kipande hicho.

"Kesho nilikuwa namfuata mama mkwe Ludewa," alisema polepole. "Milima ile yote. Kona zile. Mama haoni."

Rebeka hakucheka tena. Alijua barabara ile.

"Basi kesho mtakwenda," alisema. "Lakini leo tufanye kazi kwa utaratibu. Mkanda uliokatika uko wapi?"

Nikodemo akajikuna kichwa. Telesia akaenda nyuma, akafungua gunia, akarudi na kipande chake.

"Mungu akubariki, mama." Rebeka akakifuta kwa kitambaa mpaka herufi na namba zikaonekana mgongoni. "Mkanda haupimwi kwa macho. Herufi na namba hizi zinasema upana wake na urefu wake. Lakini namba ya mkanda wa zamani nayo inaweza kudanganya, kama aliyeufunga alikosea. Kwa hiyo tunasoma na namba ya injini."

Akaonyesha kibati kidogo ubavuni mwa injini. Nikodemo alikuwa na gari lile miaka yote, na hakujua kwamba lina maandishi hayo.

Walikwenda kwenye duka la spea la Geofrey. Geofrey akasoma namba, akatafuta rafuni, akaleta mkanda.

"Huu ni mrefu kidogo tu," alisema. "Kaza, utatosha."

Nikodemo alinyoosha mkono kuupokea. Rebeka akauzuia.

"Kidogo cha nani? Altaneta ina mwisho wake wa kuvutwa. Mkanda mrefu utafika mwisho huo kabla haujakaza, utateleza. Mfupi utaupandisha kwa mtaimbo, utakata nyuzi za ndani, nawe hutaziona. Tafuta, Geofrey."

Geofrey akanung'unika, akapanda ngazi, akatafuta tena. Safari hii alileta wenyewe. Rebeka alilinganisha namba moja baada ya nyingine. Akachukua miwili.

"Wa pili wa nini?" Nikodemo aliuliza.

"Wa kukaa kwenye gari. Ludewa ni mbali, na porini hakuna Geofrey."

Kule kwenye gari, Rebeka alimpa Telesia ufunguo. "Shika wewe. Mikono ya watu ikiwa ndani ya injini, ufunguo hauwi kwenye gari." Akachomoa waya wa betri. Kisha akakwangua utomvu wote kwenye mifereji ya puli, akafuta kwa kitambaa kikavu. Alizungusha kila puli kwa mkono, akasikiliza, akaitikisa kuona kama inalegalega. Alitafuta kama kuna mafuta yanayovuja.

"Mluzi ulikuwa wa nini?" Telesia aliuliza.

"Ona bolti hii ya altaneta. Ilikuwa imelegea. Mkanda ulikuwa unateleza, ukateleza mpaka ukang'aa kama kioo. Ulikuwa unaomba kukazwa, naye akaulisha utomvu! Utomvu unashika leo, kesho unakusanya vumbi na kula mpira. Sabuni, nta, grisi, vyote hivyo hapana. Mkanda hauna mafuta ya kujipaka."

Nikodemo akacheka kwa aibu. Rebeka akampa spana.

"Funga wewe. Mimi nasema tu."

Nikodemo alilegeza bolti za altaneta, akaisukuma ndani. Mkanda mpya ukaingia kwa vidole, bila mtaimbo, bila ugomvi. Akastaajabu.

"Umeingia wenyewe!"

"Wa kwake huingia wenyewe. Sasa angalia. Umekaa ndani ya mfereji, haugusi chini wala haujapanda juu. Unabana kwa mbavu zake mbili. Ule wa mashine ulikuwa mpana, ulikalia midomo tu."

Rebeka akaweka rula ya chuma kwenye nyuso za puli ili kuona kama zimekaa mstari mmoja. Zilikuwa sawa. "Zikipishana, mkanda unakwenda upande, unajila ubavu," alisema. Kisha Nikodemo akavuta altaneta taratibu, akakaza bolti.

"Bonyeza kwa kidole gumba katikati, pale penye nafasi ndefu."

Nikodemo akabonyeza. Haukubonyea. Alikuwa ameukaza kama kawaida yake.

"Legeza. Ukikaza sana unaua beringi za pampu na za altaneta. Kwa gari hili, uzame kama sentimita moja. Gari jingine lina kipimo chake, unamwuliza fundi au unasoma kitabu chake."

Akalegeza, akakaza, akabonyeza. Mara ya tatu kidole kilizama sawasawa. Rebeka akarudisha waya wa betri na kumwita Telesia.

"Mama, kaa kwenye usukani. Kanyaga breki mara nyingi mpaka iwe ngumu. Usiachie. Sasa washa."

Telesia hakuwa amewahi kuwasha gari. Alikanyaga, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma. Chini ya mguu wake pedali, iliyokuwa jiwe, ikashuka taratibu yenyewe.

"Imeshuka!" Telesia alipiga kelele. "Baba Irine, imeshuka! Kuna kitu kinanisaidia!"

"Ndiyo ile pampu," Rebeka alisema. "Sasa njooni mbele. Simameni mbali, mikono nyuma. Mama, kaza khanga yako isining'inie. Tazameni mkanda."

Walitazama. Feni ilikuwa imepotea kwa kasi, imebaki kivuli tu. Puli zilikuwa zinazunguka hata macho yakashindwa kuzifuata. Lakini mkanda wenyewe ulikuwa umetulia. Haukucheza wala haukutikisika. Ulionekana kama mstari mweusi uliochorwa hewani na kuachwa hapo, na hakuna sauti yoyote iliyotoka.

"Umesimama," Nikodemo alinong'ona.

"Unakimbia kuliko gari lolote barabarani," Rebeka alisema. "Mkanda uliofungwa sawa, unapokimbia utadhani umesimama."

Nikodemo akavua kofia. Hakujua kwa nini ameivua, ila aliona ni sawa. Rebeka mwenyewe alikuwa amefunga mikanda isiyo na idadi, na bado kila mara alisimama kutazama.

"Mkanda mpya hulegea kidogo," alisema mwishowe. "Kesho kabla ya kushuka milima simama, zima, subiri upoe, pima tena. Usisahau."

"Sisahau, mama."

Alfajiri ya Jumatano kijiji kilichelewa kuamka. Hakuna aliyesikia mluzi. Pikapu ilikuwa imekwishaondoka kimya kimya katika ukungu.

Kabla ya miteremko ya kwanza ya Ludewa, Nikodemo alisimamisha gari mahali pa tambarare. Alizima, akampa Telesia ufunguo bila kuambiwa. Injini ilipopoa, alibonyeza mkanda. Ulizama zaidi ya jana. Alilegeza bolti, akavuta, akakaza, akapima tena kwa kidole. Mikono yake ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko.

"Uko sawa?" Telesia aliuliza.

"Sasa uko sawa."

Wakashuka. Kona baada ya kona, Nikodemo aligusa breki, na breki ikaitika. Kulia kwao bonde lilifunguka, kijani juu ya kijani, mpaka mbali ambako mbingu na milima havikutengana. Telesia alishika rozari yake, lakini mara hii alikuwa anashukuru.

Walimkuta Bibi Vestina amekaa mlangoni, amevaa nguo yake ya kanisani tangu asubuhi.

"Gari gani hili lisilo na kelele?" aliuliza. "Nilidhani mmekuja kwa miguu."

Alhamisi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya hospitali Njombe. Upasuaji wa jicho moja haukuchukua muda mrefu, na akafungwa kitambaa jichoni.

Ijumaa asubuhi Telesia na Nikodemo walisimama mbele ya kitanda chake. Muuguzi akafungua kitambaa taratibu, akafuta jicho kwa pamba.

"Fungua jicho, bibi. Polepole."

Bibi Vestina akafungua. Akapepesa. Kwanza alitazama dirisha lenye mwanga. Kisha mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akainua uso kwa mwanamke aliyesimama mbele yake.

"Telesia?"

"Ni mimi, mama."

Mama akamtazama. Akatazama kipaji cha uso, mikunjo ya macho, nywele nyeupe mbili tatu zilizochungulia kwenye kilemba.

"Mwanangu," alisema, "mbona umezeeka hivi?"

Telesia alicheka na kulia kwa pamoja, akapiga magoti, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake. Nikodemo aligeukia ukuta, akajifuta uso kwa mkono wenye alama za grisi.

Walipotoka nje, Nikodemo alimpa Bibi Vestina mkono ili amwongoze, kama ilivyokuwa desturi. Bibi akausukuma pembeni. Akasimama kwenye ngazi, akatazama ua wote wa hospitali, miti, watu, na pikapu kuukuu iliyosimama juani.

"Niacheni," alisema, akaanza kutembea. "Mlango wa gari nauona."